Kijivu Nje ya Fuvu

Mke wangu alianguka sokoni Malaba asubuhi, mbele ya kibanda chake cha vitenge, akiwa ameshika pindo moja la kitambaa na mteja ameshika jingine. Nilikuwa darasani nilipoitwa. Nilipofika, mtukutiko wa mwili ulikuwa umekwisha, na wanawake wa soko walikuwa wamesimama katika duara pana, wakiacha nafasi kama inayoachwa kuzunguka moto. Katika nchi yetu ya mpakani watu huamini kwamba povu la aliyeangushwa na kifafa humpa ugonjwa anayeligusa, na hata waliosoma huikana imani hiyo kwa mdomo huku miguu yao ikirudi nyuma. Ndani ya duara alikuwamo mtu mmoja tu, mfanyabiashara wa vitenge kutoka upande wa Uganda, ameketi chini na kichwa cha mke wangu mapajani, akimfuta mdomo kwa kitambaa kipya ambacho hangeweza kukiuza tena.

"Ssebo, bwana wangu, usiogope," aliniambia. "Anapumua. Hawa wenzake ndio wamekufa kwa woga."

"Wewe utapelekea watoto wako hiyo kitu," sauti moja ilimjibu kutoka kwenye duara.

"Wangu ni wakubwa. Wataniosha."

Aliniambia nisiogope, nami niliogopa tangu dakika ile, na sikuacha kwa muda mrefu. Mke wangu alipozinduka alijaribu kuinuka kwa kuegemea mkono wa kushoto, na mkono haukumbeba. Aliutazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyekataa kutumwa. Kisha akaniuliza kama kibanda kimefungwa.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, kuelekea mwisho wake, wakati malori ya mafuta yalipanga foleni kutoka kwenye kizuizi cha mpaka hadi mbali mjini, na mtu alizoea kuzungumza kwa sauti ya juu hata akiwa nyumbani kwake. Nilifundisha historia katika shule ya upili, na siku za Jumapili nilisimama mbele ya waumini nikawahimiza wasiogope kitu ila dhambi. Nilikuwa nimesoma vitabu vingi juu ya ujasiri. Hakuna kimoja kilichoniambia kwamba hofu hukaa kwenye magoti, wala kwamba huwa na ladha mdomoni kama ya shilingi iliyolambwa.

Katika hospitali ya Busia tulipokewa na tabibu kijana mwenye adabu. Alipima mkono, akagonga magoti kwa nyundo ya mpira, kisha akauliza, "Nyinyi mnakula nguruwe?"

"Kwetu hatuli," nilijibu, na ilikuwa kweli. Kanisa letu liliikataza nyama hiyo, na mke wangu hakuwahi kuionja tangu utoto wake huko Matayos.

"Sawa. Basi si minyoo," akasema, akaenda kwenye swali jingine.

Hakuna aliyeshangaa. Kila mtu wa Busia, aliyesoma na asiyesoma, alijua kwamba mnyoo wa kichwani ni adhabu ya wala nguruwe. Tuliandikiwa dawa za kuzuia degedege, tukaambiwa kwamba kichwa chake kinahitaji kupigwa picha kwa mashine ya sumaku, ambayo wakati huo ilipatikana Nairobi tu, na kwamba tungoje kupangiwa siku.

Kungoja huko kulinifundisha jambo ambalo sikulielewa hadi baadaye. Kwetu mgonjwa haachwi peke yake. Waluhya hufanya hivyo, Wateso hufanya hivyo, nami ningali nawasifu kwa desturi hiyo. Wageni walikuja na sukari, na maziwa katika chupa za soda, na kila mmoja alikuja pia na mgonjwa wake. Hakuna aliyeitunga kanuni hii, lakini wote waliishika: ukiketi kando ya kitanda, lazima umkumbuke mtu aliyeugua hivyo hivyo. Na mtu anayekumbukwa daima ni yule ambaye hakupona.

"Huyu ni kama shemeji yangu wa Moding," alisema jirani yetu, mama mnene mwenye moyo mzuri ambaye ndiye aliyetufulia nguo mwezi ule wote. "Ilianza hivi hivi, na mkono. Tulimzika mvua ikianza."

"Mama, kunywa chai," nilimwambia.

"Nakunywa, mwalimu. Nasema tu ndio mjue."

Mke wangu alisema kutoka kitandani, "Huyo shemeji yako alikuwa mlevi. Alianguka kwa mtaro, mkono ukavunjika."

"Si bado ilianza na mkono?"

Alicheka, na wageni wakacheka, nami nikatoka nje. Siku iliyofuata alikuja mwingine na binamu wa Adungosi aliyepofuka, kisha mwingine na mke wa pasta aliyesahau watoto wake mwenyewe. Najua wapo wengi waliougua wakapona, lakini aliyepona hasimuliwi. Yuko shambani, anapalilia. Ndiyo maana sikuwahi kuona mgeni aliyeingia nyumbani mwetu akatoka akiwa ameipunguza hofu yangu. Waliiongeza, mmoja kidogo, mwingine zaidi. Kufikia siku ya safari nilikuwa nimeshachagua, kimya kimya, mahali pa kaburi, karibu na ua wa michongoma. Wala sikuwa na habari yoyote mpya kuhusu kichwa cha mke wangu.

Sitaieleza safari. Mashine ilikuwa bomba kubwa jeupe lenye mlio wa nyundo, na mke wangu alilazwa ndani yake akiwa amefungwa kichwa kisitikisike. Alipotoka alisema, "Kumbe ni kama kulala chini ya lori mtu akitengeneza." Hakuwa ameogopa. Nilimwonea wivu.

Picha ilionyesha kitu cha mviringo upande wa kulia, juu, mahali panapotawala mkono wa kushoto. Daktari wa upasuaji alikuwa mtu wa makamo, mnyoofu, asiyepamba maneno. Alituambia kwamba kitu kile kilikuwa kimoja kati ya vitatu: usaha uliojikusanya, uvimbe unaoota, au mfuko wa maji tu. Akakumbusha kwamba, kwa kuwa hatuli nguruwe, mfuko wa mnyoo ulikuwa jambo la mbali. Kama ni usaha, lazima fuvu lifunguliwe upesi, maana ukipasuka ndani humwua mgonjwa kabla jamaa hawajaelewa kilichotokea.

"Na kama ni maji?" nilimwuliza.

"Maji hayahitaji kisu. Lakini sifungui kichwa kwa kubahatisha, na siachi usaha kwa kubahatisha."

Palikuwa na daktari wa picha, mwanamke aliyerudi karibuni kutoka masomoni ng'ambo, ambaye alikuwa akijaribu aina mpya ya picha katika mashine ile ile. Picha za kawaida huonyesha umbo. Hii ilipima mwendo wa maji ndani ya ubongo, maana maji yaliyo huru hutembea, na maji yaliyokwama katika usaha mzito hujikokota. Alitueleza kwamba mashine huupa kichwa kipigo kirefu cha sumaku, na mahali ambapo maji yanatembea upesi, mwangaza wake huzimika kwenye picha. Mahali yanapojikokota, mwangaza hubaki. Kadiri mahali panavyokuwa peusi, ndivyo maji yake yalivyo huru. Nilishukuru kwamba jambo kubwa namna hiyo lilikuwa na sheria rahisi namna hiyo.

Mke wangu aliingizwa tena ndani ya bomba. Majibu yalikuja mchana: mwangaza haukuzimika. Mahesabu yalisema maji yale yalikuwa yakijikokota. Usaha.

Daktari wa upasuaji alipanga kufungua fuvu asubuhi iliyofuata. Muuguzi alikuja na wembe na beseni, naye mke wangu akamwambia, "Nywele chukua zote, dada. Ubongo tu ndio mniachie." Muuguzi alicheka hadi akaweka wembe chini. Mimi nilisimama dirishani nikitazama watu wakinunua njugu lango la hospitali, nikishangaa kwamba bado walitaka njugu. Nilijaribu kusali, na maneno yaliyonijia yalikuwa ya jirani yetu: ilianza na mkono.

Kabla nywele hazijaguswa, daktari wa picha alituma mtu aniite. Nilimkuta peke yake mbele ya kioo chenye picha ya kichwa cha mke wangu. Nilidhani ameona jambo baya zaidi, na nikashika mgongo wa kiti.

"Keti, mzee. Kuna kitu hakinipi amani," alisema. "Tazama hapa, nje ya fuvu. Hapa kuna nini?"

"Sioni kitu."

"Ni hewa. Hewa tupu ya chumba. Inafaa iwe na rangi gani?"

"Nyeusi."

"Ni nyeusi?"

Nilisogea. Hewa iliyozunguka kichwa cha mke wangu ilikuwa ya kijivu, yenye punjepunje, kama televisheni ambayo antena yake imelegea.

Alieleza polepole, kwa subira ambayo siku ile sikuistahili. Mwangaza utokao kichwani ni hafifu mno, na mashine yenyewe ina mtikisiko wake usiokoma, ambao mara huongeza kidogo, mara hupunguza kidogo. Kama mashine ingeyaacha mambo hivyo, mtu angepiga picha nyingi, akachukua wastani, na nyongeza zingefuta upungufu. Lakini katika hatua ya mwisho ya kuunda picha, mashine huuliza tu ukubwa wa kila kipimo, haiulizi upande wake. Kilichopungua chini ya sifuri nacho huandikwa kama mwangaza. Kwa hiyo mahali pasipo na kitu hapawi sifuri kamwe. Huwa na sakafu ya kijivu, na hakuna kitu kinachoweza kuonekana cheusi kuliko sakafu hiyo.

"Lakini si mlirudia picha mara nyingi?" nilimwuliza. "Nilimsikia fundi akisema."

"Alirudia, akachukua wastani, na ndiyo sababu inapendeza hivi. Punje zimelainika. Sakafu haikushuka. Wastani wa vitu ambavyo vyote vimeegemea upande mmoja huegemea upande ule ule, hata ukiwa navyo vingi vipi."

Niliona sebule yangu ya Malaba, chupa za maziwa mezani, na wageni waliopanga viti, kila mmoja akiweka kidogo chake juu ya hofu yangu, wala hakuna aliyejua kupunguza. Nilikuwa nimewahesabu kuwa mashahidi wengi. Mtu aliyefundisha historia alipaswa kujua kwamba wingi wa mashahidi hauna thamani ikiwa wote wamerithi tabia moja ya kusimulia, na niliwahi hata kuwaandikia wanafunzi jambo hilo ubaoni.

"Sasa tazama kile kitu," daktari aliendelea, akaweka kidole juu ya mviringo. "Mahesabu yanasema mwangaza umebaki, kwa hiyo maji yanajikokota. Lakini mwangaza uliobaki ni sawasawa na wa hewa ya nje. Inawezekana ulikwisha kuzimika wote, ukagota kwenye sakafu, na mashine ikausoma kama umebaki."

"Inawezekana, au ndivyo ilivyo?"

"Inawezekana. Bado sijui."

Nilitaka aseme anajua. Ningempigia magoti aseme hivyo. Nimekutana maishani na watu wengi walionidanganya ili nitulie, wengine wakiwa na majoho ya kanisa, na sasa nafikiri kwamba neno hilo, sijui, lilikuwa heshima kubwa kuliko zote tulizopewa katika jengo lile. Siku ile lilinichoma tu.

Alirudia picha alasiri ile ile. Safari hii aliagiza vipande vinene zaidi, ili kila kipande kikusanye mwangaza mwingi, na kipigo cha sumaku kilicho kifupi, ili mwangaza upungue bila kufika kwenye sakafu. Kisha akapima kijivu cha hewa na kukiondoa katika hesabu. Mimi nilikaa kwenye benchi la ukumbini na viatu vya mke wangu mikononi, na nakumbuka nilivipangusa vumbi, nikavipangusa tena, kwa sababu nilikuwa na hakika kwamba nikiviweka chini atakufa. Mtu mzima, mwalimu. Sikuviweka chini.

Daktari wa picha aliporudi alikuja na daktari wa upasuaji, nao walikuwa wakibishana huku wanatembea.

"Ni maji," alisema yule mwanamke. "Yanatembea huru kabisa. Na katika vipande vya kwanza, tukijua sasa tunatazama nini, kuna nukta ndogo kwenye ukuta wa mfuko. Nadhani ni kichwa cha mnyoo tegu."

"Hawali nguruwe," alisema daktari wa upasuaji.

Yule mwanamke akageukia mke wangu, aliyekuwa ameletwa kwenye kiti cha magurudumu. "Mama, sitakuuliza nyama. Mboga mnanunua wapi?"

"Kwa mama mmoja karibu na mto. Sukuma wiki yake ni laini."

"Anamwagilia na nini?"

"Maji ya mto."

"Na huko juu ya mto, watu wana vyoo?"

Mke wangu alifikiri. "Wengine wanavyo. Wengine wana kichaka na nguruwe."

Ndipo nilipojifunza, nikiwa na mvi tayari, jambo ambalo mpaka mzima wa Busia ulikuwa umelikosea. Anayekula nyama ya nguruwe isiyoiva hupata mnyoo tumboni. Anayepata mfuko kichwani ni yule aliyemeza mayai yatokayo kwa mtu mwenye mnyoo, katika maji, kwenye mboga, kwenye mkono usiooshwa. Usafi wa meza yetu, ambao tulikuwa tumeuhubiri, haukutukinga na choo cha jirani. Nimeitafakari hukumu hiyo tangu wakati ule, na bado naiona kali na ya haki: hakuna mtu anayeweza kuwa msafi peke yake.

Daktari wa upasuaji hakuwa mjinga wala mkaidi. "Wewe unaamini picha ambayo saa nne zilizopita ilisema usaha," alimwambia mwenzake. "Nikiacha kisu na wewe umekosea, nitamzika. Mwalimu, unasemaje?"

Wote wakanitazama. Nikaanza tena kuvipangusa vile viatu.

"Huyu anaogopa, msimwulize," alisema mke wangu. "Kichwa ni changu. Hizo dawa za minyoo zina hatari gani?"

"Mnyoo ukifa, ubongo huvimba kuuzunguka," daktari wa picha alijibu. "Tutakupa dawa ya kupunguza uvimbe. Lakini unaweza kuanguka tena, na vibaya zaidi."

"Na kisu?"

"Unaweza kupoteza mkono kabisa," alisema daktari wa upasuaji. "Au usiamke."

"Basi mimi nimeze. Na wewe daktari usiende mbali."

"Siendi," alisema. Naye alitimiza, chumba cha upasuaji kilibaki tayari siku zote za dawa.

Siku za mwanzo zilipita kwa utulivu ulionitisha kuliko kelele. Kisha, asubuhi moja wakati wa uji, mke wangu alinyamaza katikati ya neno, macho yakaenda upande, na mwili wote ukashikwa. Nilimshikilia kichwa. Povu lilinimwagikia mikononi, na katika kilindi cha hofu yangu nilimsikia mtu akipiga kelele, "Tumemwua, tumechagua vibaya, mfungueni!" Sauti ilikuwa yangu. Daktari wa upasuaji alifika mbio, akampiga sindano, akasimama kando ya kitanda na saa yake mkononi. Hakuamuru apelekwe kupasuliwa. Alinishika bega, akasema kwamba hili ndilo tulilokuwa tumeambiwa, na kwamba tungoje.

Tulingoja. Sijawahi kufanya kazi ngumu kuliko ile ya kuketi. Kila pumzi yake niliisikiliza kama hukumu inayosomwa. Nilijilazimisha kuuliza, kila hofu mpya ilipobisha: hili nimeliona, au nimelisikia? Mara nyingi nilikuwa nimelisikia. Swali lile halikuiondoa hofu. Lilinizuia tu nisiende kumwomba daktari amfungue.

Jua lilipokuwa limehama kutoka kitandani mwake hadi kwenye ukuta, alifumbua macho na kulalamika kwamba kuna mtu anamwumiza. Nilikuwa nimemshika mkono wa kushoto. Nilimwachia mara moja, na mkono ule haukuanguka. Ulijivuta wenyewe, kwa unyonge, ukaenda kujikuna shingoni.

"Unalia nini?" aliniuliza.

Nilikwenda kumwita daktari, na njiani nilikosea mlango mara kadhaa.

Picha iliyopigwa miezi baadaye ilionyesha kovu dogo gumu mahali ambapo mfuko ulikuwa. Alirudi kwenye vitenge vyake, ingawa aliacha kubeba robota kubwa, na mboga zetu tukaanza kuzipanda wenyewe. Watu walisema nina imani kubwa. Niliacha kuhubiri juu ya kutoogopa. Sikuwa na la kusema juu yake tena ambalo ni kweli.

Miaka mingi imepita, na amezeeka vizuri kuliko mimi. Lakini hata leo, nikiwa nasoma na sauti za vyombo jikoni zikakatika ghafla, kitabu huniteleza, nami humwita.

"Uko?"

"Niko, mwalimu," hunijibu kwa hasira. "Nachagua mchele. Sasa mtu akichagua mchele apige vigelegele?"

Nami hurudi kwenye ukurasa wangu, nikausoma upya kutoka mwanzo, kwa sababu sikumbuki hata neno moja.